Mahjub bin Adam (Bayume Mohamed Husen), 1904–1944: Mwalimu wa Kiswahili katika Sinema ya Kijerumani

1.0 Utangulizi

Kata ya Zombo, wilayani Kilosa katika mkoa wa Morogoro, imo katika ukanda ulio kati ya mji wa Kilosa na Mikumi. Katika karne ya 19 nchi hiyo, pamoja na milima na mabonde yanayoizunguka, ilijulikana kwa mapana yake kwa jina la Usagara. Ndimo Mjerumani Carl Peters alimopata alama za watawala wa jadi katika mikataba ya Novemba na Desemba 1884. Maarufu kuliko yote ni ule aliotiliana na Mangungo wa Msovero. Hati yake iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo mtawala huyo hakuijua, na kwa hiyo yote aliyoyafahamu kuhusu yaliyomo aliyapata kwa kinywa cha mkalimani. Hadi leo Watanzania wanapotaka kuulaani mkataba wa kilaghai huufananisha na ule wa Mangungo.

Miaka 57 baada ya safari hiyo, yaani mwaka 1941, watazamaji wa Ujerumani walionyeshwa habari za Usagara katika filamu iliyoitwa Carl Peters. Hakuna hata picha moja ya waigizaji wake iliyopigwa Usagara, kwa kuwa vita vilikuwa vimepamba moto na Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wengi wa watu walioigiza kuwa wenyeji walikuwa wafungwa wa kivita, Waafrika waliokuwa wametekwa katika jeshi la Ufaransa. Miongoni mwa waliosimama mbele ya kamera alikuwamo hata hivyo mtu mmoja ambaye Kiswahili kilikuwa lugha ya utoto wake, na aliyekuwa amekifundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin. Huyo alikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye Ujerumani ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Makala hii inasimulia maisha yake na kutetea hoja moja. Mahjub aliingia katika sinema wakati filamu zilipokwisha kupata sauti, lakini nafasi alizopewa zilimwacha karibu na ububu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kumthamini leo hana budi kuzitazama filamu zake kama zinavyotazamwa sinema bubu, yaani kwa kusoma uso, mikono na mahali mtu anaposimama. Hana budi pia kuitafuta sauti yake mahali pengine, hasa katika darasa la Kiswahili.

2.0 Sinema bubu na walioisahaulisha

Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walifanya onyesho lao la kwanza la hadhara na la malipo mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kwa muda wa miaka 30 na zaidi iliyofuata, picha zilitembea bila kusema. Mpiga piano au kikundi cha muziki kilisaidia kuujaza ukumbi, na maandishi mafupi yaliyopachikwa kati ya matendo yaliongoza hadithi. Mwigizaji hakuwa na silaha nyingine ila mwili wake. Kope, bega, kidole na hatua vilibeba maana ambayo katika tamthilia hubebwa na maneno.

Sehemu kubwa ya urithi huo imepotea. Uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya filamu ndefu takriban 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, asilimia 14 tu ndizo zilizosalia katika umbo zilimotolewa kwanza. Mikanda ya nitrati ilishika moto kwa urahisi na kuoza upesi. Aidha, wenye kampuni hawakuona faida ya kuihifadhi bidhaa iliyopitwa na wakati.

Sauti ilipoingia, kwanza Marekani mwaka 1927 na kisha Ujerumani kati ya 1929 na 1930, iliwainua wengine na kuwashusha wengine. Emil Jannings, aliyekuwa nyota wa filamu bubu huko Hollywood, alirudi kwao Ujerumani kwa kuwa lafudhi yake haikufaa katika filamu za Kiingereza. Hans Albers, aliyekuwa ameigiza katika makumi ya filamu bubu bila kupata umaarufu mkubwa, aligeuka kuwa kipenzi cha Wajerumani mara sauti yake iliposikika.

Mabadiliko hayo yalikuwa na athari ambayo haitajwi mara nyingi. Katika sinema bubu ububu ulikuwa wa wote: bwana na mtumishi, Mzungu na Mwafrika, wote walinyamaza kwa pamoja. Louis Brody, mzaliwa wa Douala nchini Kameruni aliyeigiza katika filamu kama Genuine (1920) na Der müde Tod (1921), alipewa nafasi zilizojaa dharau. Hata hivyo, katika suala la usemi hakuwa na upungufu uliozidi wa wenzake. Sauti ilipokuja ndipo lilipozuka swali la nani anasema na nani anaitikia. Waafrika wengi walibaki katika hali ya zamani ya kunyamaza, sasa wakiwa wamezungukwa na watu wanaozungumza. Mahjub alifika Berlin katika mwaka uleule wa mpito huo, 1929.

3.0 Utoto na vita

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Mji huo ulikuwa makao makuu ya koloni la Kijerumani tangu 1891. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la kikoloni mwenye asili ya Sudan, wa jamii iliyotokana na askari ambao Hermann von Wissmann aliwakusanya Misri mwaka 1889 kwa ajili ya kuvunja upinzani wa Abushiri na wenzake wa pwani. Watoto wa askari hao walikulia katika hali ya pekee. Kwa lugha na dini walikuwa sehemu ya jamii ya Waswahili, lakini kwa mshahara na hadhi walikuwa upande wa dola iliyowatawala Waswahili hao. Bila kulitambua jambo hilo ni vigumu kuelewa mengi aliyoyafanya Mahjub baadaye.

Akiwa bado mtoto alijua Kijerumani kiasi cha kupata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake, naye ana umri wa miaka kumi. Aliwekwa miongoni mwa wanafunzi wa upelekaji wa ishara, kazi iliyotaka akili nyepesi na ujuzi wa herufi.

Vita hivyo viliikumba pia nchi ya Kilosa. Mnamo Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji huo uliopo kando ya Reli ya Kati, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Mamia ya maelfu ya wanakijiji wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili, na wengi wao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Vyakula vilinyang'anywa mashambani na majeshi yaliyokuwa yakipita. Historia ya askari watoto kama Mahjub haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kuwakumbuka wapagazi hao, ambao hawakupata nishani wala picha.

Kwa Mahjub vita viliishia Mahiwa, kusini-magharibi ya Lindi, katika mapigano makali ya Oktoba 1917. Alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza, akakaa kifungoni hadi vita vilipokwisha. Alikuwa hajatimiza miaka 14.

4.0 Kutoka pwani hadi Berlin

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Uingereza, na watu waliokuwa wametumikia utawala wa Kijerumani walilazimika kutafuta riziki upya. Mahjub aligeukia bahari. Alifanya kazi ya utumishi katika meli, na kuanzia 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizopita pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1929 alishuka Ujerumani akiwa na dai mahususi. Alitaka alipwe mshahara wa kijeshi ambao yeye na baba yake hawakuwa wamelipwa tangu wakati wa vita. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ililikataa dai hilo kwa hoja kwamba limeletwa kwa kuchelewa. Jambo hili linastahili kuzingatiwa, kwa sababu linaonyesha kwamba uhusiano wake na dola ya Kijerumani ulianza kwa deni, na deni hilo halikulipwa hata siku ya kufa kwake.

Hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya kuhudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lililokuwapo Potsdamer Platz, ambalo kumbi zake zilipambwa kwa kuiga nchi mbalimbali za dunia. Katika mahali pa namna hiyo mhudumu Mwafrika alikuwa mfanyakazi na pambo kwa wakati mmoja. Mnamo Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Tarehe 30 ya mwezi huohuo Adolf Hitler alikabidhiwa serikali. Ndoa ambayo mwanzoni mwa mwezi ingekuwa jambo la majirani tu kulisema, iligeuka kuwa jambo la siasa ya mbari. Mwaka 1935 zilitungwa Sheria za Nuremberg, na maelekezo yaliyofuata mwaka huohuo yaliwahesabu watu weusi pamoja na wale ambao hawakuruhusiwa kuoana na Wajerumani. Katika mwaka huo pia Mahjub alipoteza kazi yake ya Haus Vaterland.

5.0 Darasani

Riziki nyingine ya Mahjub ilitoka katika lugha. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Chuo Kikuu cha Berlin ilifunguliwa mwaka 1887, na tangu mwanzo ilifundisha Kiswahili kwa ajili ya maofisa waliokuwa wakipelekwa Afrika Mashariki. Mfumo wa ufundishaji ulimweka profesa Mjerumani juu, aliyeeleza sarufi, na chini yake msaidizi mzawa wa lugha, aliyesoma, kutamka, kurudia na kusahihisha. Mahjub aliingia katika nafasi hiyo ya pili, kwa ujira mdogo, na kufanya kazi na wanazuoni wakubwa kama Diedrich Westermann.

Hakuwa wa kwanza. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha hapo katika miaka ya 1890. Baada yake alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyeanza kufundisha Berlin mwaka 1900 na ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro naye alioa mke wa Kijerumani. Alipojaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe mwaka 1905, serikali ya koloni ilimzuia kushuka pwani ya nchi yake mwenyewe. Alikufa Ujerumani mwaka 1927, miaka miwili tu kabla ya Mahjub kufika. Ukiwalinganisha wawili hao utaona mkondo mmoja: chuo kilikihitaji Kiswahili chao, lakini jamii iliyokizunguka chuo haikuwa tayari kuwapokea pamoja na wake zao, watoto wao na haki zao.

Kuna tofauti kubwa kati yao, hata hivyo. Mtoro aliacha maandishi, na kwa hiyo mtafiti wa leo anaweza kuisoma lugha yake, mpangilio wake wa hoja na hata ucheshi wake. Kazi ya Mahjub ilikuwa ya mdomo. Matamshi aliyoyarudia mara kwa mara kwa ajili ya wanafunzi wake yalitoweka kila kipindi kilipokwisha. Tena wanafunzi hao, miongoni mwao wakiwamo maofisa na polisi, walijifunza Kiswahili kwa matumaini kwamba Ujerumani ingerudishiwa makoloni iliyoyapoteza kwa mkataba wa Versailles. Makoloni hayo hayakurudi. Lugha aliyoifundisha Mahjub iliwekwa akiba kwa ajili ya safari ambayo haikufanyika.

6.0 Mbele ya kamera

Mwaka 1934 Mahjub alionekana katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani Wapanda Farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, filamu ya mwongozaji Herbert Selpin. Hadithi yake ilihusu vita vilevile ambamo Mahjub alijeruhiwa miaka 17 iliyotangulia. Ajabu ya filamu hiyo ni kwamba ilipigwa marufuku mara mbili kwa sababu zinazopingana. Mwaka 1939 wakuu wa Kinazi waliiona kuwa haikuwa na uadui wa kutosha kwa Waingereza, na baada ya 1945 mataifa yaliyoshinda vita yaliizuia kwa kuwa ilikuwa propaganda ya kijeshi.

Kati ya 1934 na 1941 Mahjub alishiriki katika filamu zisizopungua 20 za Kijerumani, zikiwamo zilizowashirikisha nyota kama Zarah Leander na Hans Albers. Idadi hiyo ni kubwa, lakini nafasi zenyewe zilikuwa ndogo: mtumishi, mhudumu, mbeba mizigo, mlinzi wa mlangoni. Mara nyingi jina lake halikuandikwa katika orodha ya waigizaji. Alipoandikwa, aliitwa Mohamed Husen. Kazi yake katika picha ilikuwa kuthibitisha kwamba tendo linafanyika mbali, katika nchi ya joto, na kwamba Mzungu aliye katikati ya picha ni bwana.

Inafaa kulinganisha hali hiyo na yaliyokuwa yakitendeka Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio wa sinema uliokuwa chini ya Waingereza ulitengeneza filamu za mafunzo takriban 35 kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, yaliwekwa katika santuri zilizochezwa sambamba na picha. Kwa hiyo katika miaka ileile Kiswahili kilisikika kwenye sinema vijijini, lakini kama sauti ya mwelezaji asiyeonekana. Huko Berlin Mswahili alionekana katika sinema, lakini Kiswahili chake kilikuwa na nafasi finyu. Mwili na lugha vilikuwa vimetengana.

Nje ya studio Mahjub alijitahidi kupata heshima aliyoamini kuwa ni haki yake. Aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa Vita Kuu, akanyimwa. Alijinunulia nishani ya namna hiyo na kuivaa katika sare ya askari kwenye mikutano ya watu waliotaka makoloni yarudishwe. Alishiriki katika Deutsche Afrika-Schau, maonyesho ya kuzunguka yaliyowakusanya Waafrika wa Ujerumani chini ya uangalizi wa serikali hadi yalipofungwa mwaka 1940. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa.

Matendo haya huwatia watafiti mashaka, na mashaka hayo yana msingi. Mtu aliyevaa kwa hiari sare ya jeshi lililoivamia nchi yake hawezi kuwekwa kwa urahisi katika safu ya mashujaa. Wapo watakaomwita kibaraka. Hata hivyo hukumu hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, sare hiyo alivikwa akiwa na miaka kumi, na watu wazima. Pili, katika dola iliyokuwa ikimpunguzia haki mwaka hadi mwaka, utumishi wake wa vita ulikuwa hati pekee aliyokuwa nayo ya kudai kwamba yeye si mgeni wa kufukuzwa. Alishikilia nishani kama mdai anavyoshikilia stakabadhi.

7.0 Ramasan

Filamu ya Carl Peters ilianza kuonyeshwa Machi 1941. Mwongozaji alikuwa tena Herbert Selpin, na Hans Albers aliigiza kama Peters. Mtu huyo, ambaye Waswahili walimwita Mkono wa Damu, aliachishwa kazi ya serikali mwaka 1897 kwa sababu ya unyama wake Kilimanjaro, ambako aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Mwafrika. Serikali ya Hitler ilimsafisha jina, na filamu ikakamilisha kazi hiyo kwa kumfanya shujaa aliyesalitiwa na wanasiasa wa kwao.

Mahjub alipewa nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, ile ya Ramasan, Mwafrika mwaminifu anayefuatana na Peters. Jina hilo halikubuniwa. Ramasan lilikuwa jina la mkalimani wa msafara wa 1884, aliyesimama kati ya Peters na watawala wa Usagara. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Kiswahili wa Berlin alipewa kumwigiza mtu ambaye kinywa chake ndicho kilichoibeba mikataba ya Usagara.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika historia, mkalimani huyo alikuwa mtu mwenye uzito mkubwa. Iwapo Mangungo alielewa kwamba anapokea urafiki, na karatasi ikasema kwamba anatoa nchi, basi pengo kati ya urafiki na nchi lilikuwa katika tafsiri. Mtunzi anayejali lugha angeweza kuijenga tamthilia nzima juu ya mtu huyo peke yake. Filamu ya 1941 haikufanya hivyo. Ilimwondolea Ramasan uzito wa mkalimani na kumbakizia utiifu wa mtumishi. Yupo kando ya bwana wake, anatazama, anatii, anasema machache, na hadithi haimhitaji awe na fikra yake. Watengenezaji walikuwa na mtu aliyejua Kiswahili kwa kuzaliwa na Kijerumani kwa kazi, aliyeweza kuonyesha jinsi neno linavyogeuka linapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, lakini wakamtumia kama sehemu ya mandhari.

Mtazamaji makini huona hata hivyo kwamba mwigizaji hakuwa mandhari. Hubadili uzito wa mwili wake mwenziwe anapoingia, hungoja, huyafuata mazungumzo kwa macho. Hizo ni mbinu zilezile ambazo waigizaji wa sinema bubu walizitegemea. Anayezizingatia humwona mtu anayesikiliza, na usikilizaji ndio mwanzo wa kazi ya mkalimani.

8.0 Kukamatwa na kifo

Nafasi ya Ramasan haikumfungulia Mahjub mlango. Mwaka huohuo wa 1941 kazi yake ya kufundisha chuoni ilikoma. Katika kipindi cha kutengeneza filamu alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na habari zake zikafikishwa kwa polisi wa siri. Mnamo Agosti 1941, miezi mitano baada ya Carl Peters kuanza kuonyeshwa, alikamatwa kwa kosa ambalo Wanazi waliliita kuinajisi mbari. Hakufikishwa mahakamani. Mwezi uliofuata alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin. Filamu yake iliendelea kuonyeshwa. Uso uliotakiwa na serikali kwenye kitambaa cheupe haukutakiwa barabarani.

Alikaa kambini zaidi ya miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Majeshi ya Kisovieti na ya Kipolandi yaliikomboa kambi hiyo miezi mitano baadaye, Aprili 1945. Mwongozaji Selpin alikuwa amemtangulia: alikamatwa mwaka 1942 kwa maneno aliyoyasema dhidi ya jeshi, na tarehe 1 Agosti mwaka huo akakutwa amekufa katika chumba cha mahabusu. Hans Albers aliishi hadi 1960, naye akiwa nyota.

9.0 Hitimisho

Kwa zaidi ya miaka 50 jina la Mahjub lilikaa katika majalada bila kuguswa. Mwaka 2007 mtaalamu wa lugha za Kiafrika Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha wasifu wake kwa Kijerumani, na katika mwaka huo jiwe dogo la ukumbusho lenye bamba la shaba liliwekwa mbele ya nyumba aliyoishi katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu ya kumbukumbu iitwayo Majubs Reise, yaani Safari ya Majub, iliyowarudisha watazamaji kwenye filamu za zamani na kuwaonyesha mtu aliyekuwa daima pembeni ya picha. Kazi hizo zimefanywa na Wajerumani, kwa hati za Kijerumani, kwa ajili hasa ya wasomaji na watazamaji wa Kijerumani. Katika historia ya ufundishaji wa Kiswahili, Mahjub bado hajapewa mahali panapomstahili.

Masuala matatu yanahitaji kushughulikiwa na wanataaluma wa Kiswahili. La kwanza ni kumweka Mahjub katika orodha moja na Amur bin Nasur na Mtoro bin Mwinyi Bakari, kama sehemu ya historia ya wasaidizi wa lugha ambao juu ya vinywa vyao taaluma ya Ulaya kuhusu Kiswahili ilijengwa. La pili ni kuzisoma filamu za kikoloni kama matini, kwa utaratibu uleule unaotumika kusoma tenzi au riwaya. Kinachoonekana pembeni ya picha, na anayenyamaza wakati wengine wanasema, ni sehemu ya maana kama yalivyo maneno yaliyoandikwa. Sinema bubu inamfundisha mtazamaji nidhamu hiyo, kwani haimpi njia nyingine.

La tatu ndilo gumu zaidi. Mahjub hawezi kusafishwa awe shujaa, wala hawezi kutupwa kama msaliti. Alikuwa mtoto wa askari aliyedai mshahara wake, mwalimu aliyelipwa kidogo, mume wa mtu na mwigizaji aliyeifanya vizuri kazi mbaya. Filamu iliyompa nafasi yake kubwa ni uongo kuhusu Usagara. Mtu wa Zombo au Msovero akionyeshwa Carl Peters leo hataiona nchi yake mle, wala hatawatambua wazee wake. Anachoweza kukiona ni kijana wa Dar es Salaam, amesimama kando ya Mkono wa Damu kwa jina la mkalimani, akisikiliza lugha mbili na kuruhusiwa kusema machache katika moja. Kumtazama yeye badala ya kumtazama Peters ni jambo lililo katika uwezo wa kila mtazamaji, na ndiko kuanza kumlipa sehemu ya deni alilokwenda Berlin kulidai.